Jicho Linalochuruzika Machozi Linaweza Kuwa Kavu

"Daktari, nipe dawa ya kukausha machozi." Kila siku ya kliniki ya kisukari ombi ni lile lile, na nikijibu kwamba jicho lake ni kavu, mgonjwa hufuta shavu na kunitazama kama niliyemdhihaki. Basi tuelewane.

Machozi si maji matupu. Yana mafuta ya tezi za kope, maji ya tezi ya machozi, na ute unaoyashikisha jichoni. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu na mishipa midogo ya damu inayoihudumia tezi ya machozi. Maji hupungua, ute hupungua, na kinachobaki huzidi chumvi hata kikachoma. Jicho likichomwa, tezi hushtuka na kumwaga maji mengi kwa pupa, nayo kwa kukosa mafuta na ute wa kutosha hayatulii, yanaishia shavuni. Huwa natia rangi ya manjano, nawasha taa ya buluu na kumwambia mgonjwa asipepese. Utando wa machozi ulio mzima hudumu sekunde 10 au zaidi. Wake unapasuka mabaka meusi kabla sijahesabu hadi tano.

Mtu huyu ndiye anayekwenda duka la dawa kununua matone ya deksamethasoni kwa kuwa yalimfaa jirani! Wekundu unaondoka, kweli, naye anarudia chupa ya pili, ya tatu. Tezi haijaponywa chochote. Matone hayo yakitumiwa kiholela hupandisha presha ya jicho, huleta mtoto wa jicho, huchelewesha vidonda kupona na huwapa fangasi nafasi, na mwenye kisukari yuko hatarini tayari. Mimi huyaandika pia, lakini kwa muda mfupi, huku nikipima presha ya jicho.

Tena machozi yakikoma yenyewe, usishangilie. Huenda konea, kioo cha mbele ya jicho, imekufa ganzi: haihisi mchanga, haiiamshi tezi, na kidonda kinachimba bila maumivu, kama kwenye mguu wa mgonjwa wa kisukari. Mgonjwa wa namna hiyo ndiye anayenitia hofu.

La kufanya: tumia machozi ya bandia, na yakizidi mara 4 kwa siku tafuta yasiyo na kihifadhi. Weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu juu ya kope dakika 5 hadi 10, kisha zikande taratibu. Feni isikupige usoni. Taja kila dawa unayomeza, maana baadhi ya dawa za mzio na mafua hukausha macho. Shusha sukari. Retina, pazia la nyuma ya jicho, ipimwe kila mwaka hata ukiona vizuri. Jicho likiwa jekundu na kuingia ukungu ghafla, hata lisipouma, njoo siku hiyo hiyo.