WADUDU NA PANYA MAJUMBANI: CHANZO KIZIBWE KABLA YA SUMU KUNUNULIWA

Mji wa Zanzibar unakua kwa kasi kubwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi, na Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 893,169. Kwa muda wa miaka 10 mkoa huo umeongeza karibu watu 300,000. Ongezeko hilo halikuingia Mji Mkongwe wala mitaa ya zamani ya Ng'ambo, ambayo ilikwishajaa. Limeingia katika wilaya za Magharibi A na Magharibi B, katika sehemu kama vile Fuoni, Tomondo, Bububu na Chuini. Mahala palipokuwa na minazi na muhogo sasa pana nyumba za matofali, bati juu ya bati.

Nyumba huweza kusimama kwa miezi michache, lakini mtaro wa maji ya mvua, njia ya gari la taka na bomba la maji huchukua muda mrefu zaidi kufika. Katika kipindi hicho cha kungojea huingia mbu, mende, nzi, panya, kunguni na mchwa. Jawabu la wananchi wengi ni kwenda dukani kununua sumu. Sumu hiyo hutoa nafuu ya siku chache, kisha hali hurejea kama ilivyokuwa, na mara nyengine huacha madhara kwa watoto wa nyumba hiyo. Kwa hivyo inafaa ieleweke kwa nini viumbe hawa huzidi, ni hatua zipi zinazowaondoa kweli, na ni sumu zipi ambazo hazistahiki kabisa kuingizwa ndani ya nyumba.

MBU WA MAJI MACHAFU NA MBU WA MAJI SAFI

Kiumbe yeyote anayeishi na watu anahitaji mambo matatu: chakula, maji na mahala pa kujificha. Kwa upande wa mbu jambo lililo kubwa ni maji, na mbu si wa namna moja.

Mbu wa usiku anayeitwa kuleksi hutaga mayai katika maji machafu: makaro ya vyoo yaliyopasuka, mashimo ya vyoo yenye maji, na mitaro iliyoziba. Mbu huyu ndiye mwenye kueneza ugonjwa wa matende na mabusha katika mwambao wetu. Mbu wa mchana mwenye madoadoa meupe, anayeitwa aedesi, hupendelea maji safi yaliyotuama: mapipa na madumu yasiyofunikwa, mipira ya gari iliyotupwa, makopo, sahani za vyungu vya maua, vifuu vya nazi na vya madafu. Huyu ndiye anayeeneza homa ya kidingapopo, ambayo ilizuka kwa nguvu jijini Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mayai yake hushikamana na ukuta wa chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi mingi, kisha yakaanguliwa maji yanaporudi. Ndiyo sababu kumwaga maji peke yake hakutoshi. Chombo hicho hakina budi kusuguliwa kwa brashi na sabuni.

Katika joto la visiwa vyetu, yai la mbu huwa mbu kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10 hivi. Kutokana na hesabu hiyo hupatikana kanuni nyepesi: chombo chochote cha maji kikimwagwa na kusuguliwa mara moja kila wiki, hapana mbu atakayetoka humo. Kwa wananchi wanaopata maji ya bomba kwa zamu, ambao hawana njia ila kuweka akiba, pipa na tangi vifunikwe barabara, na bomba la kutolea maji yanayofurika lifungwe wavu mwembamba.

Zanzibar yenyewe imekwisha kutoa mfano wa manufaa ya kuziba chanzo. Katika mwaka 1988, huko Makunduchi, wataalamu walimwaga chembe nyepesi za plastiki zenye kuelea katika mashimo ya vyoo yenye maji, na wakati huo huo wananchi wakapewa dawa ya matende. Chembe hizo zilifanya tabaka juu ya maji, likamzuia mbu kutaga na likawanyima viluwiluwi pumzi. Kabla ya kazi hiyo karibu nusu ya watu waliopimwa walikuwa na vimelea vya ugonjwa huo katika damu. Baadaye idadi ilishuka hadi kufikia mtu mmoja hivi katika kila kumi, ikaendelea kupungua. Mahala palipotumika dawa peke yake bila ya kushughulikia mashimo, vimelea vilianza kuzidi tena.

MENDE NA NZI

Mende mkubwa mwekundu hukaa katika makaro na mitaro, akapanda usiku kwa mabomba hadi jikoni na chooni. Mende mdogo wa rangi ya hudhurungi hukaa ndani ya nyumba yenyewe, nyuma ya jiko, katika makabati na chini ya friji. Mende jike huweka mayai yake katika kifuko kigumu, na mayai ya huyo mdogo hufikia 30 hadi 40 katika kifuko kimoja. Dawa ya kupulizia humuua mende aliye wazi lakini haipenyi kifuko. Wiki chache baadaye watoto hutoka, na mwenye nyumba hudhani kwamba dawa aliyouziwa ilikuwa mbovu.

Kinachomwondoa mende ni kunyimwa chakula na maji usiku. Vyombo vioshwe kabla ya kulala, makombo yafagiwe, mfereji unaovuja utengenezwe, na tundu la maji ya kuogea lifunikwe kwa kichujio. Nyufa za ukutani na penye mabomba zizibwe kwa saruji. Nyumba iliyokwisha kufanyiwa hayo inahitaji dawa kidogo mno. Dawa ya chambo iliyopakwa ndani ya nyufa hufanya kazi vizuri zaidi kuliko ya kupuliziwa hewani, kwani mende huila na kuipeleka maskanini kwake.

Nzi naye hutaga katika taka zinazooza na katika kinyesi kilicho wazi. Kwa joto letu mayai huwa nzi kamili kwa wiki moja hadi siku 10. Kwa hivyo taka za jikoni zinapaswa kuondolewa angalau mara mbili kwa wiki na kuwekwa katika pipa lenye kifuniko. Jaa lililoachwa wiki mbili huwa limekwisha kutoa kizazi kizima cha nzi, na watu wote wa mtaa hugawana nzi hao.

PANYA

Panya mdogo hupita katika tundu la unene wa penseli, na panya mkubwa hupita katika tundu la upana wa kidole gumba. Jike hubeba mimba siku 21 hadi 23, na watoto wake huanza kuzaa wakiwa na umri wa miezi michache tu. Mkojo wa panya huweza kubeba vijidudu vya homa ya leptospira, na vijidudu hivyo humwingia binadamu kwa kupitia michubuko anapokanyaga maji ya mafuriko. Hatari hiyo huzidi wakati wa masika katika mitaa ya mabondeni.

Panya ni mwenye hadhari. Kitu kigeni hukikwepa kwa siku kadhaa, na akionja chakula kikamuumiza hakirudii. Wanapouawa panya 10 katika mtaa wenye jaa lililo wazi, chakula walichoacha huwalisha waliobakia, nao huzaa kwa haraka hadi nafasi ikajaa. Kwa hivyo kazi huanzia kwenye taka na matundu. Nafasi kati ya ukuta na bati izibwe, mlango uwekewe bati chini, mchele na unga vitiwe katika ndoo zenye vifuniko, na matawi yanayogusa paa yakatwe. Baada ya hapo mitego iliyowekwa pembezoni mwa kuta hukamata waliosalia ndani.

Historia ya mji huu ina funzo juu ya jambo hili. Mwishoni mwa karne ya 19 utawala wa wakati huo uliagiza kunguru kutoka Bara Hindi ili wasafishe taka za mji. Taka hazikwisha, na kunguru wakazaana mpaka wakawa wenyewe ni waharibifu wa vifaranga, matunda na ndege wa asili, hata zikahitajika kampeni za kuwapunguza.

KUNGUNI NA MCHWA

Kunguni si dalili ya uchafu. Huletwa ndani ya mizigo ya safari, magodoro na makochi yaliyokwisha kutumika. Anaweza kukaa miezi kadhaa bila ya kula, na kunguni wa sehemu nyingi duniani wamezoea dawa za kawaida za kupulizia. Joto ndilo adui yake mkubwa. Mashuka na vyandarua vifuliwe kwa maji ya moto, maji yanayochemka yamiminwe katika viungo vya kitanda, na nyufa za mbao na ukuta zizibwe. Kuanika godoro juani peke yake hakutoshi, kwani kunguni huhamia upande wa kivuli. Kazi hii irejewe kila wiki hadi dalili zote ziishe, na vyumba vyote vya nyumba vishughulikiwe kwa pamoja.

Kwa upande wa mchwa, wajenzi wa zamani walitumia boriti za mikoko, ambazo mchwa huzishinda kwa taabu. Nyumba nyingi za leo hutumia mbao laini, na hujengwa juu ya mashamba yenye visiki na vichuguu. Mwenye kujenga ang'oe visiki na mizizi kabla ya kuweka msingi, asifukie mabaki ya mbao chini ya sakafu, na asiache mlango wala dirisha la mbao likagusa udongo. Kila baada ya miezi michache kuta zikaguliwe ili kuona vijia vya udongo ambavyo mchwa hupitia.

SUMU NA MIPAKA YAKE

Hapana shaka kwamba dawa za kuulia wadudu zina kazi yake. Upuliziaji wa dawa majumbani, uliorejeshwa mwaka 2006, pamoja na vyandarua vyenye dawa na tiba bora, umesaidia sana kupunguza malaria Unguja na Pemba. Hata hivyo mbu walianza kuizoea dawa ya aina ya pirethroidi, inayoiga sumu ya ua la pareto, na ikalazimu dawa nyengine itumike badala yake. Kila dawa inayotumiwa ovyo huharakisha mazoea hayo. Juhudi za awali, za mwaka 1958 hadi 1968, ziliishusha malaria kwa kiasi kikubwa, na ziliposita maradhi yalirudi kwa muda wa miaka michache tu.

Jambo la kuogopwa zaidi ni sumu za shambani na ghalani zinazoingizwa vyumbani. Vidonge vya fosfidi ya alumini, vilivyotengenezwa kwa ajili ya kuhifadhi nafaka, hutoa gesi ya fosfini vinapokutana na unyevu wa hewa. Gesi hiyo hupita katika nyufa na kuingia chumba cha jirani, na haina dawa ya kuivunja nguvu mwilini. Kidonge kilichowekwa chini ya kitanda kwa ajili ya kunguni kinaweza kuua familia iliyolala. Vidonge hivyo visitumiwe katika nyumba ya kuishi kwa hali yoyote. Hali kadhalika dawa za kupulizia mimea zisipakwe magodoro.

Sumu yoyote isitiwe katika chupa ya soda au ya maji, wala isinunuliwe ikiwa imepimwa katika karatasi isiyo na maelezo. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na athari yake huchukua siku kadhaa kuonekana. Mtoto aliyekula chambo huweza kucheza kama kawaida siku ya kwanza. Asingojewe aumwe. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo pamoja na pakiti ya sumu, kwani dawa ya kumtibu ipo iwapo atafika mapema. Aliyemeza mafuta ya taa au dawa ya majimaji asilazimishwe kutapika, kwa sababu majimaji hayo yakiingia mapafuni huzidisha hatari.

WAJIBU WA NYUMBA NA WA MTAA

Kazi iliyoelezwa hapa inaweza kugawiwa kwa mpango. Kila siku, vyombo vioshwe na chakula kifunikwe kabla ya kulala. Kila wiki, mapipa yasuguliwe, uwanja uokotwe vifuu, makopo na mipira, na mashuka yakaguliwe. Kila mwaka kabla ya masika, mnamo Februari, mitaro izibuliwe, vifuniko vya makaro vitengenezwe na matundu ya nyumba yazibwe.

Hata hivyo nyumba moja safi haiwezi kujikinga na mtaa wenye jaa na karo linalofurika, kwa kuwa mbu na panya hawatambui mpaka wa kiwanja. Wananchi wa mtaa mpya wanashauriwa kukutana mapema na Sheha wao ili kukubaliana mahala pa kukusanyia taka panapofikiwa na gari, na kuacha njia ya maji kabla ya viwanja vyote kujengwa, kwani mtaro usioachiwa nafasi leo hautapata pa kupita kesho ila kwa kubomoa. Karo bovu au jaa lisiloondolewa liripotiwe kwa Sheha na kwa Bwana Afya wa Manispaa inayohusika, kwa kutaja mahala na siku lilipoonekana, ili lifuatiliwe.