Namibia: Biashara ya Kumkabidhi Mgeni Usukani

Mtalii akishuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, hukuta dereva anamsubiri na jina lake kwenye kibao. Akishuka Hosea Kutako, kilomita arobaini na kitu mashariki mwa Windhoek, aghalabu hupewa funguo. Juu ya tofauti hiyo Namibia imejenga sekta nzima: kampuni za kukodisha pikapu za 4x4 zenye hema juu ya paa, mashamba ya ng'ombe na kondoo yanayopokea wageni, kambi za vijiji, mafundi wa pancha, na vituo vya mafuta vya jangwani ambavyo kwa wenyeji peke yao visingelipa hata umeme. Wateja wanaoibeba si makundi ya basi. Wengi ni watu wawili, mke na mume au wachumba, wamechukua likizo ya wiki mbili tatu. Mmoja anaendesha, mwenzake ana ramani mapajani.

Jiografia inawalazimisha. Nchi ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 824,000, na sensa ya 2023 ilihesabu watu milioni 3 tu. Hakuna daladala wala treni ya kumfikisha mtu kwenye matuta ya mchanga ya Sossusvlei. Kuna barabara: kilomita zinazokaribia 48,000, na nyingi mno kati ya hizo ni changarawe na udongo. Za herufi B ni kuu na zina lami, za C nyingi ni changarawe, za D ni za mashambani. Ukanda wa pwani una hata barabara za chumvi, zilizoshindiliwa kwa jasi na maji ya chumvi zikawa ngumu karibu kama lami.

Changarawe hizo hazijiparui zenyewe. Greda hupita mara kwa mara, na wafanyakazi wake hupiga kambi kandokando ya barabara, mbali na mji wowote. Fedha hutoka kwenye mfuko wa barabara ulioanza kazi mwaka 2000, unaojazwa na tozo ya mafuta, ada za magari na malipo ya magari ya kigeni yanayovuka mpaka. Mwenye kampuni anakodisha Hilux, lakini anachouza hasa ni kazi ya greda la serikali. Siku greda likichelewa, njia inakuwa ya mawimbi, nati zinalegea, na wageni wawili hawazungumzi tena hadi jioni.

Namibia ina faida nyingine ambayo wafanyabiashara wa Nairobi na Arusha wangeitamani. Ni mwanachama wa umoja wa forodha wa kusini mwa Afrika, pamoja na Afrika Kusini, Botswana, Lesotho na Eswatini. Toyota Hilux inaundwa Durban na Ford Ranger inaundwa Silverton, Pretoria. Zote mbili huingia Windhoek bila ushuru wa forodha. Dola ya Namibia nayo imefungwa kwa randi, moja kwa moja, tangu ilipoanza kutumika mwaka 1993, kwa hiyo anayenunua magari kwa randi na kutoza kwa dola ya Namibia halali akiwaza kubadilika kwa fedha baina ya hizo mbili. Linganisha na anayeingiza Land Cruiser kupitia Mombasa au Dar es Salaam akalipa ushuru, kodi juu ya kodi, halafu akasubiri gari litoke bandarini.

Kwa wawili hesabu ina pembe zake. Gari hutozwa kwa siku, si kwa kichwa: wawili wanabeba gharama ambayo wanne wangeigawana. Loji nazo huandika bei ya mtu mmoja kwa sharti la kulala wawili chumbani, hivyo anayesafiri peke yake huumia zaidi yao. Hapo ndipo hema la juu ya paa linapoleta maana. Gari lenye godoro, friji ndogo inayotumia betri ya pili, mtungi wa gesi, meza, viti viwili na sufuria ni gari na nyumba kwa bei moja, na kiwanja cha kambi ni nafuu mno kuliko chumba. Wengi huchanganya, usiku kadhaa hemani na mmoja wa loji ili mtu aoge maji ya moto bila haraka. Dereva wa pili lazima jina lake liwe kwenye mkataba. Kampuni nyingine humwandika bure, nyingine humtoza, na ambaye hakuandikwa akishika usukani bima yote imeanguka.

Na bima ndiyo mahali ambapo biashara hii inastahili kusomwa kwa jicho kali. Bei ya siku inayotangazwa mara nyingi huja na kinga ya msingi tu, na mteja hubakiwa na sehemu kubwa ya hasara mabegani mwake. Kuipunguza sehemu hiyo kunauzwa kwa siku, na kuifuta kabisa kunauzwa ghali zaidi. Kisha yanakuja maandishi madogo. Tairi, kioo cha mbele na uvungu wa gari mara nyingi ni juu ya mteja. Injini iliyoingia maji, vivyo hivyo. Mikataba mingi inakataza kuendesha usiku nje ya miji, kwa sababu ya kudu na ngiri wanaokatisha njia. Na zaidi ya yote, chunguza ajali isiyohusisha gari jingine. Kwenye changarawe gari hupinduka lenyewe: dereva anaingia kona kwa kasi, anashtuka, anakata usukani, basi. Ndiyo ajali ambayo mgeni ana sababu kubwa kabisa ya kuiogopa, na ndiyo hiyo ambayo kinga za bei ya chini huiacha nje au huiwekea masharti. Kwa maoni yangu, tangazo la bei lisilotaja jambo hili halijataja bei.

Kampuni nazo zina hoja. Sheria inaruhusu kilomita 100 kwa saa kwenye changarawe, lakini nyingi zinamtaka mteja asizidi 80, na hufunga kifaa cha setilaiti kinacholia akizidi na kuandika kila kitu. Kabla ya kuondoka mgeni hufundishwa kupunguza upepo wa matairi, kufungua hema na kubadilisha tairi. Magari mengi hubeba matairi mawili ya spea. Mtaalamu wa kompyuta kutoka Frankfurt, akiwa kwenye vumbi anazungusha jeki kwa mara ya kwanza maishani, anafanya kazi ambayo Arusha ingekuwa na mtu wa kulipwa mshahara, chakula na malazi. Huo ndio ubunifu wa mfumo huu. Ni nafuu kwa mgeni, lakini ni ajira ya dereva mwongozaji ambayo haikuzaliwa.

Mnufaika mwingine ni aliye njiani. Solitaire, kilomita 80 na kitu kaskazini mwa Sesriem, lango la kwenda Sossusvlei, ni kituo cha mafuta, duka, magari mabovu ya zamani yaliyopangwa mchangani kwa ajili ya picha, na tanuri la mikate lililopata sifa duniani kwa keki ya tufaha ya marehemu Moose McGregor. Anayekwenda Walvis Bay hujaza tangi hapo, maana mbele kuna zaidi ya kilomita 200. Bei ya mafuta hupangwa na wizara kila mwezi, kwa hiyo faida nono iko kwenye keki na kahawa. Vijijini, sheria ya mwaka 1996 iliruhusu jamii kuunda hifadhi zao na kupata mapato ya utalii. Leo ziko 86, na baadhi zina kambi ambapo pesa ya wageni humfikia mwanakijiji bila wakala wa Ulaya katikati.

Serikali nayo imo. Shirika lake la Namibia Wildlife Resorts linamiliki vitanda na viwanja mahali penyewe. Huko Sesriem, anayelala ndani ya lango la hifadhi huruhusiwa kuondoka saa moja kabla ya jua; aliye nje husubiri lichomoze. Kutoka hapo ni kilomita 60 za lami na tano hivi za mchanga mlaini hadi Sossusvlei, kwa hiyo saa hiyo moja ndiyo inayouzwa. Okaukuejo, ndani ya hifadhi ya Etosha, wanauza bwawa lenye taa ambapo vifaru huja kunywa usiku. Anayetaka Julai hadi Oktoba afanye mipango karibu mwaka mzima mapema.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, mlango uko wazi kuliko unavyodhaniwa. Pasipoti za Tanzania na Kenya haziulizwi viza, ilhali Mjerumani tangu Aprili 2025 analipa dola za Namibia 1,600. Usukani uko kulia na magari yanapita kushoto kama kwetu; Mrundi na Mkongo ndio watakaohitaji kujizoeza. Kikwazo ni amana. Kampuni nyingi zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva, nyingi huikataa kadi ya kawaida ya benki, na M-Pesa hapo haisaidii. Wachumba wawili wenye akiba ya kutosha wanaweza kukwama kaunta kwa kukosa kipande hicho cha plastiki, kwa hiyo waanze nacho kabla ya tiketi.

Vilevile nyama. Uzio wa mifugo unaokata nchi kutoka mashariki hadi magharibi una vizuizi, na ofisa atafungua friji yako: nyama mbichi haivuki kutoka kaskazini kwenda kusini, ili kulinda soko la nyama ya kuuza nje dhidi ya homa ya miguu na midomo. Waliotoka Etosha au waliozunguka ukanda wa Caprivi, kaskazini mashariki, hujikuta wakichoma kilo mbili za ng'ombe kando ya barabara kabla ya kizuizi.

Wanaofuatilia sekta hii sasa wanaangalia lami. Kuelekea mji wa pwani wa Henties Bay, na kutoka hapo kuingia bara, imekuwa ikiwekwa kwa awamu. Wavuvi na wachimba madini wanaifurahia. Mwenye pikapu hamsini za 4x4 ana maswali, kwa sababu lami ikifika, wale wawili wanaweza kuchukua Polo ndogo kwa sehemu ndogo ya bei ya pikapu na kulala kwenye loji.