El Fasher: Mji Uliozingirwa Zaidi ya Siku 500

Katika mazungumzo ya waumini baada ya swala ya Ijumaa, swali moja kuhusu Sudan hurudiwa mara nyingi: hawa wanaopigana wote ni Waislamu, basi wanagombea nini? Swali hilo ni la haki, na halijibiki kwa kusema tu kwamba dunia imeharibika. Tumeona ni vyema tulijibu kwa kueleza habari za mji mmoja, El Fasher, kwani yaliyoupata mji huo yanadhihirisha kinachopiganiwa na nani anayelipa gharama yake.

El Fasher ni makao makuu ya jimbo la Darfur Kaskazini, takriban kilomita 800 magharibi mwa Khartoum. Mwishoni mwa karne ya 18, Sultani Abd al-Rahman al-Rashid aliufanya kuwa makao ya usultani wa Kiislamu wa Darfur. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yalimuua Sultani Ali Dinar, na Darfur ikaunganishwa na Sudan. Kwa hiyo tunazungumzia mji wenye misikiti, masoko na historia ndefu ya Uislamu.

Mji huu una uwanja wa ndege, una kambi kubwa ya jeshi, na umekaa penye njia ziendazo Libya na Chad. Mwezi Aprili 2003 waasi wa Darfur walivamia uwanja huo wa ndege na kuteketeza ndege za jeshi. Serikali ya wakati ule iliwakabili kwa kuwategemea wanamgambo wa Janjaweed, ambao walichoma vijiji na kuwafukuza raia. Mwaka 2013 wanamgambo hao walipangwa upya na kupewa jina rasmi, RSF, chini ya Mohamed Hamdan Dagalo, maarufu kwa jina la Hemedti. Mwaka huo huo, ndani ya mwezi wa Ramadhani, askari 7 wa Tanzania waliokuwa katika kikosi cha kulinda amani waliuawa huko Darfur. Makao makuu ya kikosi hicho yalikuwa El Fasher. Mji huu, basi, si mgeni kwetu kabisa.

Mwaka 2021 Hemedti na mkuu wa jeshi, Jenerali Abdel Fattah al-Burhan, waliipindua serikali ya mpito kwa pamoja. Baadaye wakafarakana juu ya namna RSF itakavyoingizwa jeshini na nani atakuwa juu ya mwenzake. Tarehe 15 Aprili 2023, Ramadhani ikiwa katika kumi lake la mwisho, risasi zikaanza kulia Khartoum. Hapo hapakuwa na mzozo wa itikadi wala wa sheria ya Mwenyezi Mungu. Palikuwa na madaraka, na nyuma yake mali, ikiwemo dhahabu ya Darfur.

Kufikia mwisho wa mwaka 2023, RSF walikwishateka makao makuu ya majimbo mengine manne ya Darfur. Ulibaki El Fasher peke yake, ukilindwa na jeshi pamoja na makundi ya waasi wa zamani. Aliyekosa El Fasher hakuweza kudai kuwa ameishika Darfur yote. Mwezi Mei 2024 mji ukazingirwa. Tarehe 13 Juni mwaka huo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilitoa azimio la kutaka mzingiro ukomeshwe. Haukukomeshwa.

Mzingiro huua polepole. Agosti 2024 njaa kubwa ilithibitishwa katika kambi ya wakimbizi ya Zamzam, karibu na mji. Aprili 2025 kambi hiyo ikatekwa, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia, wengi wao wakielekea Tawila. Kisha RSF wakajenga tuta refu la udongo kuuzunguka mji, ili asitoke mtu na kisiingie chakula. Ndani walikadiriwa kubaki raia 260,000, nusu yao watoto. Familia zilikula mashudu ya karanga, chakula cha mifugo. Wakazi wenyewe waliendesha majiko ya pamoja, wakipika kilichopatikana na kugawana, hadi nayo mengi yakaishiwa.

Tarehe 19 Septemba 2025, wakati wa swala ya Alfajiri, ndege isiyo na rubani iliupiga msikiti mjini humo. Zaidi ya watu 70 waliuawa. Tarehe 26 Oktoba kambi ya jeshi ikatekwa, na mji ukaanguka. Shirika la Afya Duniani lilieleza kupokea taarifa za kuuawa kwa watu zaidi ya 460, wagonjwa na waliokuwa wakiwauguza, katika hospitali ya uzazi ya Saudia. Baadhi ya wauaji walijipiga picha za video wakiua. Jeshi nalo limelaumiwa kwa mabomu ya ndege yaliyoangukia masoko ya Darfur. Dhuluma haigeuki kuwa halali kwa sababu ya anayeitenda.

Turudi kwenye swali. Jina la Kiislamu la mpiganaji haliifanyi vita yake kuwa ya Kiislamu. Na Suratul Hujurat, inapozungumzia makundi mawili ya waumini yanayopigana, inaamrisha yapatanishwe kwa uadilifu, na lile linalodhulumu lizuiwe. Tuzingatie amri hiyo wanaambiwa nani: wanaambiwa wale walio nje ya ugomvi. Kwa hiyo kauli ya kwamba hayo ni mambo yao wenyewe haina nafasi kwa Muislamu.

Kwa familia zetu, tunashauri mambo matatu. Kwanza, wazazi wawaeleze watoto habari hizi kwa maneno, wala wasiwaachie kuzitazama video za mauaji kwenye simu. Kuzisambaza ni kumtukuza muuaji na kumvunjia heshima maiti. Pili, tusibebe chuki za makabila ya Sudan na kuzileta barazani kwetu, kwani chuki hizo ndizo zilizowahalalishia wauaji damu za majirani zao. Tatu, tuwaombee dua, na atakayejaaliwa kutoa sadaka aipitishe kwenye mikono inayojulikana na yenye kutoa hesabu. Waliofika Tawila walifika kwa miguu, wakiwa na njaa, na wengi hawajui waliko jamaa zao.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliouawa, awaponye majeruhi, na awarejeshe waliotawanyika makwao kwa salama. Amin.

Wabillahi tawfiq.