Tarehe Kusogea Si Risiti

Ndugu wanavikundi, mwethya ukiwa na jina lake la intaneti linaloishia .com, hulilipia kupitia wakala. Hapo pana jambo la kuangalia sana.

Siku ya mwisho ikifika, daftari kuu la majina hayo, linalotunzwa na kampuni ya Verisign huko Marekani, husogeza tarehe mwaka mmoja mbele lenyewe, hata kama hamjalipa shilingi. Mweka hazina akiona 2027 pahali pa 2026 anasema, "Tumemaliza!" Kumbe bado. Wakala ana siku 45 za kulifuta jina na kurudishiwa pesa zake. Akilifuta, mna siku 30 za kulikomboa, tena kwa gharama kubwa. Baadaye yeyote aweza kulichukua, na wanunuzi wa ndengu zenu watamkuta yeye.

Basi fanyeni hivi:

1. Ulizeni tarehe iliyo kwa wakala. Hiyo ndiyo yenu.
2. Daini risiti, iwekwe kwenye faili.
3. Anwani mliyompa wakala isomwe na viongozi wawili au zaidi. Onyo huja mwezi mmoja kabla, na tena wiki moja kabla.