Herufi ikidondoka, usiuze taipureta kwa kilo

MCHAPAJI wa barazani anayewaandikia wakulima mikataba ya kukodi mashamba hafiki popote bila herufi "a". Kijipande cha chuma chenye herufi hiyo kikidondoka, hata neno "shamba" halichapiki, na wateja huhamia kwa jirani. Wengine hukata tamaa na kuiuza mashine kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Hiyo ni hasara ya bure. Katika taipureta, kila mkono wa chuma hubeba kijipande chenye herufi mbili, kubwa na ndogo, kilichoshikishwa kwa risasi ya kulehemu. Fundi anayeijua kazi hukirudisha.

Kabla ya kumwita fundi, mwenye mashine achape "nHnH". Herufi kubwa zote zikipanda au kushuka kuliko ndogo, kasoro iko kwenye mtambo wa kubadilishia herufi, na kulehemu hakutasaidia. Ikiwa ni herufi moja tu inayosumbua, basi ni mkono wake au kijipande chake.

Kilichopotea hutafutwa kwenye mashine mbovu, na hapo ndipo wengi huliwa fedha. Herufi lazima ziwe za umbo na ukubwa mmoja. Mashine ya paika huchapa herufi 10 kwa inchi, ya eliti 12. Ukizichanganya, barua yote inaonekana ya kuungaunga. Umoja wa aina ya mashine pia husaidia, kwa kuwa unene wa mikono hutofautiana.

Chuma husafishwa mpaka king'ae, hupakwa dawa ya kulehemu kidogo, kisha kijipande huchomekwa na kupashwa moto. Mchanganyiko wa bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 183 za Selsiasi, hivyo pasi ya kulehemu hutosha. Moto wa gesi usiodhibitiwa huweza kuzilegeza herufi za jirani. Dawa ya asidi ikitumika, ioshwe mara moja, la sivyo kutu itafuata.

Kulehemu ni kwa dakika chache. Kinachokula muda ni kulinganisha: kuchapa, kuyeyusha tena, kusogeza kidogo sana, kuchapa tena. Malipo ya fundi ni kwa ajili ya subira hiyo.

Kampuni ya Godrej & Boyce ya India ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wa mwisho wa mashine hizi za ofisini, na habari za kukoma kwa uzalishaji wake zilienea duniani mwaka 2011. Kwa hiyo mashine mbovu ni ghala la vipuri. Nyingi za ofisini zina mikono zaidi ya 40. Anayeipima kwa kilo ananunua akiba hiyo yote kwa bei ya bati.

Mwenye mashine asilipe kabla ya kuchapiwa ukurasa mzima mbele yake. Kisha aupapase mgongo wa karatasi: herufi iliyoinama huchimba upande mmoja, upande wa pili haugusi.