Taa ya Eabegi: Tusiing'oe Kabla ya Kujua



Vikundi vingine huku Barani vina gari la pamoja, lililotumika Japani kabla ya kuletwa kwetu. Hupeleka maembe na korosho sokoni, hukimbiza wagonjwa hospitali. Katika kutembelea kikundi kimoja tuliona taa kwenye dashibodi: picha ya mtu ameketi, na duara mbele yake. Iliwaka kutwa. Fundi alikuwa ameshauri balbu ing'olewe, ati isiwasumbue. Tukasema, ngojeni kwanza.

Hiyo ni taa ya mfuko wa hewa, yaani eabegi. Mfuko umekunjwa ndani ya usukani. Gari likigonga kwa nguvu hufura mara moja, ukamkinga dereva kichwa na kifua. Ukifungua swichi, taa huwaka sekunde chache kisha huzima. Isipozima kuna kasoro, na siku ya ajali mfuko huenda usifure. Kung'oa balbu ni kumziba mgonjwa mdomo.

Chanzo mara nyingi ni hiki:
1. Soketi chini ya kiti imelegea au ina kutu.
2. Utepe wa waya ndani ya usukani umekatika. Pengine hata honi hailii.
3. Betri ni dhaifu.
4. Kifungio cha mkanda kimeharibika.

Tufanye nini? Msinunue kifaa kwa kubahatisha. Nendeni gereji yenye mashine ya kusoma kasoro, iwape namba yake. Waya na soketi za mfumo huu kwa kawaida ni za njano, asiyefundishwa asiziguse. Fundi hufungua betri kwanza akangoja dakika kadhaa, kwa kuwa mfuko hufurishwa na baruti. Wakati huo wote, mikanda ifungwe.

Tena, taa kuzima si uthibitisho wa mwisho. Eabegi nyingi za kampuni ya Takata, iliyofilisika 2017, ziliitwa zirudishwe dunia nzima. Joto na unyevu wa miaka mingi huharibu baruti yake, kasha likapasuka na kurusha vipande vya chuma. Taa haionyeshi kasoro hiyo, na joto la Pwani mnalijua. Pelekeni namba ya chesisi kwa muuzaji rasmi wa aina ya gari lenu, awaangalilie.

Tujadiliane kikundini: Gari letu likiwashwa, taa hii huwaka na kuzima? Isipowaka kabisa, nani aliing'oa?