Nyumba Isiyojengwa: Mnunuzi Mgeni Amdai Nani?

Makatibu wa vyama wanajua vyema jinsi ilivyo vigumu kumdai mtu aliyekwisha kufilisika. Hukumu hupatikana na muhuri hugongwa, lakini mali ya kukamata haipo. Hayo ndiyo yaliyowafika wageni wengi, Waingereza hasa, walionunua nyumba nchini Hispania katika miaka iliyotangulia msukosuko wa fedha wa mwaka 2008. Walitoa malipo ya awali kwa nyumba ambazo bado zilikuwa michoro tu. Baadhi ya wajenzi walifilisika. Wengine waliuza nyumba zisizo hata na kibali cha kujengwa.

Mgeni aliyelaghaiwa huwaza polisi kwanza. Njia hiyo ipo, kwani sheria ya jinai ya Hispania huadhibu ulaghai, na mahakama ya jinai yaweza pia kuamuru aliyeonewa alipwe fidia. Lakini ni lazima ithibitike kwamba mwuzaji alikusudia kudanganya tangu mwanzo. Kushindwa kujenga peke yake si jinai. Ipo pia kesi ya madai kwa kuvunjwa mkataba, ambayo nayo humrudisha mdai kwenye mfuko ule ule mtupu.

Njia iliyowafaa wengi ilikuwa imelala katika sheria ya zamani, Sheria Na. 57 ya tarehe 27 Julai 1968. Sheria hiyo ilimtaka mjenzi aweke malipo ya awali katika akaunti maalum, mbali na fedha zake nyingine, na ayakingie kwa bima au dhamana ya benki, ili nyumba isipokamilika mnunuzi arudishiwe fedha zake pamoja na riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Benki iliyofungua akaunti hiyo nayo ilipaswa, kwa dhima yake yenyewe, kuhakikisha kwamba dhamana imetolewa. (Wanaushirika wafahamu kwamba amri ya Desemba 1968 iliyafikisha masharti hayo kwa vyama vya ushirika vya nyumba pia.)

Wajenzi wengi hawakutoa dhamana, na mabenki yakanyamaza. Ndipo tarehe 21 Desemba 2015 Mahakama ya Juu ya Hispania ilipoamua kwamba benki iliyokubali malipo ya wanunuzi katika akaunti ya mjenzi, bila kudai akaunti maalum wala dhamana, inawajibika kwa wanunuzi hao kwa fedha zilizoingia humo. Hivyo mdaiwa akawa ni mwenye uwezo wa kulipa.

Si kila mtu aliyenufaika. Sheria ililinda makazi, wala si aliyenunua kwa nia ya kuuza tena kwa faida. Tena mdai alitakiwa aonyeshe kwamba fedha zake zilipita katika benki ile; aliyemkabidhi wakala fedha taslimu alikuwa na kazi ngumu.

Sheria ya 1968 ilifutwa tarehe 1 Januari 2016, na masharti yaliyorekebishwa yakawekwa katika sheria ya ujenzi ya mwaka 1999. Sasa dhamana ya benki hukoma ikiwa mnunuzi hakudai katika miaka miwili tangu mjenzi aliposhindwa kutimiza ahadi. Kwa hiyo mnunuzi hupaswa kuomba hati ya dhamana yenye jina lake kabla ya kulipa chochote, na kutafuta wakili wake mwenyewe, asiyeletwa na mwuzaji, aichunguze ardhi katika daftari la usajili.